Mzigo wa Kariakoo

Kabla sijalima tikiti shambani, nililima kwenye karatasi. Wengi wa rika langu tulianzia huko. Ekari moja, mashimo 2,000, kila shimo miche miwili, kila mche matunda mawili, kila tunda shilingi 1,500 bei ya shambani. Piga hesabu. Milioni 12 ndani ya siku zisizofika tisini, na Ramadhani ikikukuta na mzigo, zaidi ya hapo. Mwaka 2019 hesabu hiyo ilikuwa inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp kama ilivyozunguka ile ya kware kabla yake. Mimi, mwenye shahada na asiye na ajira, niliipokea kama barua ya kuitwa kazini.

Mtaji ulikuwa wa mama. Shilingi 1,600,000, mgao wake wa kikoba, fedha aliyoiweka elfu mbili mbili kwa kuuza vitumbua Ilala. Shamba lilikuwa la mjomba, kaka yake mama, Kibiti, kwenye mchanga mwekundu upande wa juu wa bonde la Rufiji. Mbolea nilinunua Kariakoo.

Wakati huo soko kuu lilikuwa halijaungua. Ndani ya jengo lile la miavuli ya zege iliyopinduliwa, alilolisanifu Beda Amuli na kufunguliwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1975, kulikuwa na maduka ya pembejeo yaliyobanana: mbegu kwenye makopo ya bati, sumu za wadudu, bomba za kunyunyizia, mifuko ya mbolea imepangwa mpaka darini. Nilikuwa nimesoma mtandaoni kwamba mkulima wa kisasa hategemei mbolea ya aina moja. Anachanganya ya asili, ya viumbe hai na ya viwandani. Nikanunua yurea na DAP. Nikanunua chupa ya maji ya rangi ya chai iliyoandikwa kwamba ndani yake mna bakteria hai. Samadi ya kuku niliipata kwa jirani yetu anayefuga uani, mbichi bado, ya moto ukiingiza mkono.

Na kwa kuwa makala ilisema nichanganye, nikachanganya. Pipa la lita 200, samadi ndani, yurea ndani, chupa nzima ndani, na juu yake ndoo mbili za majivu kwa sababu mjomba aliniambia majivu hufukuza wadudu. Baada ya muda mfupi moshi usioonekana ulipanda kutoka kwenye lile pipa, ukanichoma macho hadi nikakimbilia kivuli cha mwembe. Nilidhani ni dalili ya nguvu. Nikamwambia mjomba, "Umeona? Inafanya kazi."

Kilichokuwa kinafanya kazi ni kemia ya kidato cha tatu ambayo nilifaulu na nikaisahau. Samadi mbichi ina kimeng'enya kinachovunja yurea kuwa amonia. Majivu ni besi, na kwenye besi amonia haikai ndani ya maji, inapaa. Ile harufu ndiyo ilikuwa mbolea, inaondoka kwenda kwenye mawingu pamoja na vitumbua vya mama. Wale bakteria wa kwenye chupa, kama walifika wakiwa hai kutoka kwenye rafu, hawakuweza kupona ndani ya supu ile. Niligawa kilichobaki, mikebe miwili kila shimo. Upande wa chini wa shamba, tope zito la pipa lilipoishia, miche iliungua kingo ikakauka. Upande wa juu, ambako kwa mshangao kulibaki naitrojeni nyingi kuliko ilivyohitajika, mashina yalikimbia hadi yakavuka mpaka wa jirani, majani mapana kama sahani, maua mengi ya kiume na matunda ya kuhesabika. Niliyahesabu. 211, na mengi kati ya hayo yalikuwa na ufa mweupe katikati.

Mama hakuniuliza chochote. Alisema tu kwamba mwaka ule hatabadilisha bati la jikoni.

Nilirudi Kariakoo nikiwa na hasira ya kutafuta wa kumlaumu. Mwenye duka, mzee wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo ni nadra sokoni saa nne asubuhi. Kisha akasema, "Mdogo wangu, umeoa wake watatu siku moja ukawatia chumba kimoja. Hukuuliza hata kila mmoja katokea wapi."

Nilicheka kwa aibu. Lakini swali lake lilinifuata mpaka nyumbani, na kwa kuwa sikuwa na shamba tena wala ajira, nilikuwa na muda wa kulijibu.

Nilianza na pale nilipokuwa nimesimama. Karibu kila mtu Dar es Salaam amewahi kusikia kwamba Kariakoo ni Carrier Corps iliyopita kwenye kinywa cha Kiswahili. Nairobi nao wana Kariokor yao, ya asili hiyohiyo. Waingereza waliuteka mji huu mwezi Septemba 1916, na eneo hili likawa kambi ya wapagazi. Tunalisema hili kama kichekesho cha majina, halafu tunaendelea kutafuta bei ya viatu. Ukikaa nalo kidogo, linabadilika. Katika vita ile ya Afrika Mashariki ndorobo waliua farasi na nyumbu, barabara hazikuwepo, kwa hiyo chakula, risasi na hema vilikwenda kwa vichwa vya watu, mzigo wa kawaida kama kilo 25. Kwa hesabu inayotajwa mara nyingi, wapagazi wa upande wa Uingereza peke yao waliokufa walikaribia 95,000, wengi kwa kuhara, malaria na njaa, siyo kwa risasi. Pale Mtaa wa Samora, Sanamu ya Askari ilizinduliwa mwaka 1927. Maandishi yake yanawataja wapagazi, lakini aliyechongwa ni mwenye bunduki.

Wajerumani nao walikuwa na wapagazi wao. Meli yao ya kivita, Königsberg, ilijificha kwenye delta ya Rufiji na kuzamishwa huko Julai 1915, upande wa chini wa bonde lilelile ambalo mjomba analitazama akiwa amesimama mlangoni kwake. Mizinga yake kumi iliopolewa, ikakokotwa na watu kwa kamba hadi Dar es Salaam ili ikatumike nchi kavu. Mmoja upo Fort Jesus, Mombasa, hadi leo, na watalii hupigia picha juu yake.

Sasa, baruti ya mizinga ile, kama baruti yote ya vita ile, ilikuwa ni naitrojeni. Kabla ya vita, Ujerumani ilipata naitreti kutoka jangwa la Chile, ileile iliyokuwa ikimwagwa mashambani Ulaya. Meli za Waingereza zilipofunga njia ya bahari, ilitakiwa ikwame kwa risasi na kwa mkate pia. Haikukwama haraka, kwa sababu mwaka 1909 mkemia Fritz Haber alikuwa amepata njia ya kuibana hewa tupu itoe amonia, na mwaka 1913 Carl Bosch na kampuni ya BASF wakafungua kiwanda kule Oppau. Kiwanda kilijengwa kwa ajili ya mbolea. Vita ilipoanza, amonia yake ikageuzwa kuwa baruti. Vita ilipokwisha, ikarudi kuwa mbolea, na Haber akapewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1918. Yurea ya mfuko wangu ni mjukuu wa mtambo ule.

Kwa hiyo mke wa kwanza, kama angesema mzee yule, alitoka kwenye vita moja na jina la soko nililomnunua. Sikutegemea hilo. Nimeona watu wakilitumia kama hoja: mbolea ya viwandani ni ndugu ya bomu, tuiache. Sioni kama hoja hiyo inafika mbali. Naitrojeni haikumbuki ilitumwa wapi. Kinachonivutia zaidi ni mzigo. Mfuko mmoja wa yurea ni kilo 50, yaani mizigo miwili ya mpagazi, na ndani yake kuna kilo 23 za naitrojeni. Ili upate kilo 23 hizo kutoka kwenye samadi kavu ya ng'ombe, yenye naitrojeni kama asilimia moja na nusu, unahitaji tani moja na nusu. Mizigo sitini. Mahali ambapo kila kitu hubebwa kwa kichwa au kwa bodaboda, nani atashinda inajulikana kabla mchezo haujaanza.

Mjomba alikuwa na lake la kusema kuhusu hili. Yeye huiita mbolea ya chumvichumvi, na anaamini inaua ardhi. Nilipokuwa chuo nilikuwa nikimwona mshamba. Siku hizi nadhani alikuwa shahidi mzuri wa jambo alilolitaja kwa jina pana mno. Mwaka 1972 kiwanda cha mbolea kilianza kazi Tanga, cha Kampuni ya Mbolea Tanzania, na miongoni mwa bidhaa zake kubwa ilikuwa SA, salfeti ya amonia. Miaka ya ujamaa ilifika vijijini kwa bei nafuu, mara nyingi peke yake, bila samadi wala chokaa. SA ina sifa moja ambayo mkulima huiona baada ya misimu kadhaa: inaongeza asidi kwenye udongo. Kwenye udongo wa mfinyanzi mweusi hilo huchukua muda. Kwenye mchanga usio na mboji hufika mapema. Miaka ya mwanzo mahindi yanapanda, halafu yanashuka chini ya pale yalipoanzia, na mkulima anabaki na maneno aliyonayo: hii chumvi imeua shamba. Kiwanda kilifungwa mwaka 1991, ruzuku nazo zikaondolewa miaka hiyohiyo ya mwanzo wa tisini, na biashara ya pembejeo ikahamia mikononi mwa wenye maduka, wakiwemo wa Kariakoo. SA ikapungua. Maneno yakabaki.

Wa pili, samadi, ndiye aliyenishangaza. Sote tunamwita wa asili, na tunaposema asili tunamaanisha kwamba ndivyo walivyofanya babu zetu. Nikamuuliza mama kama babu yake alikuwa akiweka samadi shambani. Akanitazama kama nimeuliza kama alikuwa akitumia intaneti. "Samadi ya nini? Ng'ombe walikuwa wapi?"

Ndorobo walewale walioua nyumbu wa jeshi waliwafanya watu wa Rufiji waishi bila mifugo mikubwa. Mbolea yao ilikuwa ni mto. Mafuriko yalipanda, yakaacha tope, maji yakashuka, na watu wakapanda kwenye tope hilo. Kilimo hicho kinaitwa mlau. Mahindi, kunde, maboga, na matikiti pia, vilikua kwa unyevu uliobaki ardhini, na kila mwaka rutuba ilirudishwa bila mtu kubeba hata kikapu. Familia yetu ilikuwa huko chini bondeni. Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1968 serikali ikaanzisha Operesheni Rufiji, watu wakahamishiwa vijiji vya ujamaa kwenye ardhi ya juu. Sababu zilizotolewa zilikuwa na uzito: usalama, shule, zahanati, barabara. Mama alipata darasa la saba kwa sababu hiyo na hajawahi kuisema vibaya Operesheni. Lakini ardhi ya juu ni mchanga na mvua ya kubahatisha, na kwa miaka mingi watu wazima waliendelea kushuka kwa miguu kwenda kulima kulekule bondeni walikotolewa.

Kwa hiyo mchanga wa mjomba haukuuawa na chumvi peke yake. Haukuwahi kuwa hai kama bonde. Na mimi, nilipomlaumu kwa kutojali samadi, nilikuwa namdai urithi wa watu wengine, wa Wachaga na ng'ombe wao wa zizini, wa Wamatengo na ngoro zao za kufukia nyasi. Desemba 2022 maji yalianza kujazwa nyuma ya ukuta wa Bwawa la Julius Nyerere, na ukuta unaozuia maji huzuia na tope. Umeme tunauhitaji, naandika haya kwa umeme. Ila siku hizi nikisikia neno mbolea ya asili hufikiria ile iliyokuwa ikishuka na mto.

Kuhusu wa tatu, yule wa chupa, nitasema kifupi. Mholanzi Martinus Beijerinck alimtenga bakteria wa mizizi ya mikunde mwaka 1888, na mwaka 1901 akaeleza mwingine, Azotobacter, anayeishi huru kwenye udongo na kukamata naitrojeni ya hewani. Sayansi hiyo ni ya kweli. Pale Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo walitengeneza chanjo ya mbegu za mikunde waliyoiita Nitrosua. Tatizo ni kwamba tikiti si mkunde, halina vile vinundu kwenye mizizi, kwa hiyo chupa yoyote inayokuahidi kwamba itachukua nafasi ya yurea kwenye tikiti inakuuzia hadithi. Zipo kuvu zinazoshikamana na mizizi ya tikiti na kuifikishia fosfeti, lakini nazo hulegea ukiwa umemwaga DAP nyingi. Mmea ulioshiba hauajiri wapagazi. Na zote hizi ni viumbe. Zinakufa kwa jua, kwa klorini ya maji ya bomba, kwa dawa ya ukungu. Siku ile dukani sikusoma tarehe ya mwisho kwenye chupa yangu. Nimeikuta baadaye, chupa tupu mama aliyoigeuza kuwa ya mafuta ya taa. Ilikuwa imepita miezi saba.

Mgawanyo wenyewe wa makundi matatu ulianza kunikera niliposoma kuhusu Minjingu, karibu na Ziwa Manyara. Mgodi ule ulianza uzalishaji mwaka 1983, kusudi uilishe Tanga. Fosfeti yake ni vinyesi na mifupa ya ndege wa majini waliokula samaki kwenye ziwa la kale, miaka na miaka, mpaka ikawa mwamba. Inasagwa, inatiwa kwenye mfuko, na mtu anaiita ya viwandani. Kisha kuna Dodoma, pale Nala, ambako kampuni ya ITRACOM iliyoanzia Burundi imejenga kiwanda cha mbolea ya Fomi: samadi na madini ndani ya punje moja. Fomi ziliingia kwenye mpango wa ruzuku baada ya Agosti 2022, pale bei ya yurea na DAP ilipokuwa imepanda kwa ajili ya vita nyingine ya mbali, ya Ukraine, na serikali ikashusha mfuko hadi shilingi 70,000 kwa aliyejiandikisha.

Nilikuwa mmoja wa waliojiandikisha. Mwaka 2023 nilirudi kwa mjomba na robo ekari, si ekari. Soko kuu lilikuwa limeshaungua, usiku wa tarehe 10 Julai 2021, na wenye maduka wametawanyika mitaani. Yule mzee nilimtafuta wiki nzima, nikamkuta kwenye fremu nyembamba, miwani mipya, hasira zilezile na wateja wasiouliza. Nikamwambia nimekuja kuuliza kila mke katokea wapi. Hakukumbuka kama ni yeye aliyesema.

Tulichofanya msimu ule hakina maajabu. Samadi ya kuku ililundikwa chini ya mwembe na majani makavu, ikageuzwa kila wiki, ikafunikwa na gunia, mpaka ikapoa na kunuka kama udongo wa mvua ya kwanza. Karibu miezi mitatu. Ikaingia shimoni wiki mbili kabla ya mbegu, koleo moja moja. DAP, kifuniko kimoja cha soda chini ya kila mbegu, na udongo kati yake ili isiguse. Yurea tuliigawa mara mbili, kidogo, sentimita kumi na tano kutoka kwenye shina, ikafukiwa, na tukaacha kabisa maua ya kike yalipoanza. Kuanzia hapo tikiti hudai potasiamu, nikawapa NPK ya mwisho. Majivu yalipelekwa kwenye migomba ya mjomba, mbali. Chupa sikununua, mboji iliyoiva ina viumbe wake. Mjomba alisimamia maji, kwa sababu ule ufa mweupe nao una mkono wa maji yanayokuja kwa pupa.

Tulivuna 640 yanayouzika. Mchanga ni uleule, lakini ukiuchota pale penye shimo la zamani unashikana kidogo kabla ya kumwagika. Mjomba anauchota hivyo kila mgeni akija, na bado anasema chumvichumvi inaua ardhi.

Mama nimemlipa nusu. Bati limebadilishwa.

Kinachonisumbua sasa ni njia ya kurudi. Yale matunda 640 yalikuja mjini kwa lori. Kila moja lilibeba potasiamu ya Kibiti, na maganda yake yanaishia kwenye gari la taka kwenda dampo la Pugu Kinyamwezi, yakichanganyika na mifuko na chupa kiasi kwamba hakuna wa kuyatenganisha tena. Mzigo unakuja upande mmoja tu. Mwezi uliopita nilijaribu. Nilimwendea dada mmoja anayekata tikiti na kuuza vipande Mtaa wa Msimbazi, nikamwomba anitengee maganda kwenye gunia langu, nitapita jioni. Alinitazama viatu, akanitazama usoni.

"Kaka yangu, unafuga nguruwe?"

Waliokuwa kwenye foleni walicheka. Nikamwambia nina shamba. Akasema gunia lizuri, ila nilete na mtu wa kulibeba, maana maganda yana maji na yeye mgongo unamuuma. Saa kumi na mbili jioni lilikuwa limejaa, linavuja. Niliita kuli, akalinyanyua upande mmoja, akalirudisha chini, akataja bei ya mifuko miwili ya simenti. Tukabishana kidogo. Mwishoni nilikamata pembe mbili za gunia, yeye akakamata pembe mbili, tukaanza kulivusha barabara kuelekea Gerezani.